Sarafu Zilizochapwa Mkongani

Jumatatu hiyo Abdulrahim alifika mahakamani kabla ya karani wa masjala, kama ilivyokuwa desturi yake, akafungua dirisha la chumba chake, akaketi kuzisoma faili za juma. Alikuwa mtu wa Msambweni, umri wake miaka arubaini na mitatu, na kazi ya ukalimani alikuwa akiifanya Kwale tangu enzi za mahakimu wa Kiingereza. Uhuru ulipokuja mahakimu walibadilika, lakini kesi ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na washitakiwa waliendelea kusema Kiswahili, Kidigo na Kiduruma. Kwa hiyo yeye alibaki pale pale, katikati.

Watu walidhani kazi yake ilikuwa kugeuza maneno. Mwenyewe aliona kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kungoja. Mtu akisema neno, Abdulrahim alilisikiliza kwanza, kama mtu anavyoitikisa nazi sikioni kabla ya kuinunua, ndipo alipolipeleka upande wa pili. Mahakimu wengine walikereka. Walitaka neno liingie huku na litokee kule upesi. Lakini hakuna aliyewahi kumshika kwa kosa, na hilo lilimpa heshima ambayo mshahara wake haukumpa.

Faili ya tatu ilihusu mtu aliyeitwa Mwero Kitsao, mfugaji wa Mkongani. Shitaka lake lilikuwa zito: kutengeneza sarafu za serikali nyumbani kwake. Abdulrahim alisoma, akarudia kusoma. Ulikuwa mwaka wa tano wa uhuru, na sarafu mpya za Kenya zilikuwa bado zikiwashughulisha watu. Zile za zamani za Afrika Mashariki, za senti tano na senti kumi zilizokuwa na tundu katikati, zilikuwa zikipotea sokoni siku hata siku. Hizi mpya hazikuwa na tundu. Upande mmoja zilikuwa na kichwa cha mkuu wa nchi, na upande wa pili ngao na simba wawili.

Maelezo ya kesi yalikuwa mafupi. Mwenye duka mmoja wa Msambweni alikuwa ameona kwamba sarafu nyingi zilizomfikia kutoka upande wa Mkongani zilikuwa na alama ngeni, akazipeleka kwa polisi. Askari mmoja akatumwa Mkongani siku ya soko, akauliza, na mwanamke mmoja aliyeitwa Biasha akamjibu bila kusita kwamba hizo anayezichapa ni Mwero. Askari akaandika jibu hilo kwa Kiingereza. Nyumbani kwa Mwero zilikutwa sarafu kumi na nane, nyundo, tindo ndogo ya chuma na kipande cha ngozi ya ng'ombe. Mwero mwenyewe alipoulizwa kama ni kweli anazichapa, alikubali. Akafungwa pingu.

Abdulrahim alikaa akilitazama lile neno la Kiingereza ambalo askari alikuwa ameliandika. Lilikuwa neno la kiwandani, neno la mitambo na tanuru, la mahali ambapo chuma kitupu huingia na pesa hutoka. Alijaribu kumwona mfugaji wa Mkongani akiifanya kazi hiyo kwa nyundo na kipande cha ngozi, akashindwa.

Kabla kesi haijaitwa, alimwomba karani amwoneshe mkebe wa vitu vya ushahidi. Sarafu zote zilikuwa za shaba ya njano, za senti tano na senti kumi. Za senti tano zilikuwa na mkato mmoja. Za senti kumi zilikuwa na mikato miwili iliyopishana kama kidole juu ya kidole. Mikato ilikuwa ya kina, imepigwa kwa mkono uliozoea. Abdulrahim alizigeuza moja baada ya moja, akagundua jambo ambalo halikuandikwa popote katika faili: mikato yote kumi na nane ilikuwa upande wa ngao. Hakuna hata mmoja uliokuwa upande wa kichwa.

Alimuuliza inspekta aliyekuja kuendesha mashitaka, kijana wa bara mwenye viatu vinavyong'aa, alama zile ni za nini. Inspekta alisema ni wazi. Mtu anayetengeneza pesa bandia ni lazima awe na njia ya kuzijua zake, asije akadanganyika mwenyewe. Barua ilikuwa imekwisha kupelekwa benki Mombasa pamoja na sarafu mbili, na jibu lingefika juma lile au lijalo.

Kesi iliitwa saa nne. Mwero alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa miaka thelathini hivi, na alisimama kizimbani mikono ameiweka mbele kama mtu aliyebeba kitu. Hakimu, naye mtu wa bara, mzito wa mwili na mwenye sauti ya chini, alimsomea shitaka kwa Kiingereza, kisha akamwambia Abdulrahim amuulize mshitakiwa kama alizitengeneza sarafu zile.

Hapo ndipo Abdulrahim alipoliona shimo lililokuwa mbele yake. Akisema "ulizitengeneza", atakuwa ameuliza jambo ambalo Mwero hakuwahi kuulizwa na askari. Akisema "ulizichapa", atakuwa ameuliza lile ambalo Mwero amekwisha kulikubali. Alichagua neno la askari, kwa sababu ndilo lililomleta mtu huyu kizimbani.

"Mwero Kitsao, sarafu hizi ulizichapa wewe?"

"Ndiyo, bwana. Nilizichapa mimi."

Inspekta alitabasamu, akaanza kukusanya karatasi zake. Hakimu alishika kalamu, akangoja. Karani akangoja. Abdulrahim naye akangoja, na kungoja kwake kukawa kurefu mpaka hakimu akainua uso.

"Amesema nini?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, amekubali. Lakini sijui amekubali nini."

Watu wawili watatu waliokuwa kwenye mabenchi walicheka. Hakimu hakucheka. Alimtaka aeleze, na Abdulrahim akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba neno alilolisema mshitakiwa linabeba mambo mengi. Mwalimu humchapa mtoto kwa fimbo. Gazeti huchapwa mjini, na kanga huchapwa maua. Mtu anayefanya kazi kwa bidii anachapa kazi, na anayetembea upesi anachapa mguu. Kiberiti kina chapa yake, ndiyo inayokufanya usiuziwe kingine. Serikali huchapa sarafu. Na mfugaji huchapa ng'ombe wake, ili mnyama akichanganyika na wa jirani ajulikane ni wa nani. Kwa Kiingereza kila jambo kati ya hayo lina neno lake. Akichagua moja kwa niaba ya mshitakiwa, atakuwa ameitoa hukumu yeye mkalimani.

Inspekta alisimama akasema kuwa kilichochapwa hapa si ng'ombe wala kanga, ni sarafu, na kwa hiyo maana ni moja tu. Hakimu alifikiri. Alimwambia Abdulrahim amuulize Mwero, kwa maneno yoyote atakayoyaona yanafaa, alizichapa kwa sababu gani.

Swali hilo Mwero hakulijibu. Alitazama chini. Liliporudiwa alisema tu kwamba kosa ni lake peke yake, hakuna mtu mwingine nyumbani kwake aliyeshika nyundo, na aandikiwe adhabu yake. Abdulrahim aliyageuza maneno hayo kwa uangalifu, neno kwa neno, na alipokuwa akiyageuza alihisi kwamba mtu huyu anamficha mtu.

Hakimu aliiahirisha kesi kwa juma moja, mpaka barua ya benki ifike. Kisha, alipokuwa akiinuka, alimwita Abdulrahim karibu. Alisema kwamba yeye mwenyewe alisoma Kiswahili shuleni lakini cha huku pwani kinampita. Kama Mkongani neno lile lina matumizi yake, mahakama inataka kuyajua, na mkalimani aje aape kama shahidi wa lugha. Asiulize habari za kesi. Aulize neno tu.

Siku ya soko Abdulrahim aliazima baiskeli ya karani, akashika njia ya Mkongani tangu asubuhi. Barabara ilikuwa ya mchanga mwekundu, ikipanda na kushuka, na mara mbili alilazimika kushuka na kuisukuma. Hakukereka. Siku nyingi maneno yalimjia mahakamani yakiwa yamefungwa pingu pamoja na wenyewe. Leo alikuwa akilifuata neno kwao.

Soko lilikuwa dogo: mihogo, mahindi, korosho, mbuzi wachache waliofungwa kando, nguo za mitumba kwenye mkeka. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Alinunua ndizi mbili kwa mama mmoja mnene aliyejitanda kanga ya zambarau, akampa senti kumi mpya. Mama yule aliigeuza, akapitisha ukucha juu yake, akamrudishia.

"Samahani, baba. Hii bado haijachapwa."

Abdulrahim aliitazama sarafu ile mkononi mwake. Ilikuwa na ngao, ilikuwa na kichwa, ilikuwa na mwaka wake. Serikali ilikuwa imeichapa kwa kadiri inavyoweza serikali kuchapa. Akauliza kwa upole haijachapwa vipi.

Mama alitoa nyingine kutoka kwenye fundo la kanga yake, yenye mikato miwili iliyopishana, akaiweka kando ya ile yake. Hii ina chapa, alisema. Hiyo yako haina. Si mbaya, ni pesa, lakini hapa watu wamezoea yenye chapa. Yenye chapa huna haja ya kuitazama mara mbili. Mwezi uliopita kuna mchuuzi wa samaki kutoka pwani aliyekuja na sarafu tupu mfuko mzima, na nusu ya soko walizikataa, wakamwambia akazichapishe kwanza.

"Akazichapishe wapi?" Abdulrahim aliuliza.

"Kwa Mwero. Lakini Mwero hayupo siku hizi, amechukuliwa." Sauti yake ilishuka. "Alikuja askari akaniuliza, nami nikamjibu jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Nilidhani anataka kuchapiwa zake."

Ndivyo Abdulrahim alivyojua kwamba huyu ndiye Biasha. Alikumbuka onyo la hakimu, akamwambia kwamba yeye ametoka mahakamani lakini hakuja kuuliza habari za Mwero. Amekuja kuuliza neno. Biasha alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya upepo. Hata hivyo alijibu. Kuchapa, alisema, ni kutia alama ili kitu kijulikane. Mwero huwachapa ng'ombe na mbuzi wa watu wengi hapa. Ana tindo ya kuwakata masikio, na kila ukoo una mkato wake. Wakichapwa, wamechapwa. Na pesa ni vivyo hivyo. Akauliza tena Abdulrahim, pesa zilianza kuchapwa lini, na Biasha akasema tangu zile za matundu zilipoanza kuadimika, kwa ajili ya Bi Mbodze. Alisema hayo kama jambo lisilohitaji kuelezwa, akanyosha mkono kumwonesha upande wa pili wa soko.

Bi Mbodze alikuwa mwanamke mzee, ameketi juu ya gunia lililokunjwa, mbele yake misokoto ya tumbaku imepangwa kwenye ungo. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Abdulrahim alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako si ya hapa."

Alimwambia kwao ni Msambweni na kazi yake ni Kwale. Alinunua msokoto mmoja ambao hakuwa na haja nao, akampa sarafu mbili za senti kumi: ile yake isiyo na alama, na nyingine aliyobadilishana na Biasha. Mzee alizipokea kwenye kiganja. Ile yenye mikato aliipitishia ukucha wa kidole gumba mara moja tu akaitia mfukoni. Ile nyingine aliigeuza, akaigeuza tena, akaipima uzito, na uso wake ukaingia wasiwasi.

"Hii ni shilingi au ni kumi?"

"Ni kumi, mama."

"Nitakuamini. Wengine niliwaamini nikajuta." Naye akamsimulia, bila kuombwa, kama watu wanaokaa peke yao sokoni siku nzima wanavyosimulia. Ujana wake wote alikuwa mfinyanzi. Vyungu alivitoa motoni kwa mikono, miaka na miaka, mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama pembe. Kisha macho yakafunga. Akaacha ufinyanzi, akauza tumbaku. Pesa za zamani hazikumsumbua: ikiwa na tundu alitia kijiti, kikipita ni senti, kisipopita ni shilingi au thumuni; zile za matundu alizitunga kwenye uzi wa ukindu, tano huku, kumi kule. Zilipokuja hizi mpya, kijiti kikakosa pa kupita. Watu wawili walimpa senti kumi wakamwambia ni shilingi, naye akawapa tumbaku na chenji juu yake. Siku aliporudi nyumbani mara ya pili na mfuko mtupu, mwanawe Mwero alimsikiliza, na asubuhi akachukua tindo.

"Nilimwambia atoboe tundu tu, kama zile za kwanza. Akakataa. Alisema zina kichwa cha mtu mzima upande mmoja, hawezi kumtoboa mtu mzima. Akaweka ngozi chini ili kichwa kisichubuke, akachapa huku kwenye ngao. Alianza na zangu. Lakini pesa haikai mahali, mwanangu, unajua. Akawa anachapa na za jirani, ili zikija kwangu ziwe zimekwisha kuchapwa."

Abdulrahim aliutia msokoto wake mfukoni. Alikuwa amekuja kutafuta maana ya neno, na maana ile ilikuwa imeketi mbele yake ikipanga tumbaku.

Mzee aliinamisha kichwa. "Mwero wameniambia amekwenda Kikoneni kutibu ng'ombe. Leo ni siku ya nane. Ng'ombe gani hao wasiopona? Na wewe unasema kazi yako ni Kwale. Ni kazi ya serikali?"

Hakutaka kumdanganya, na hakutaka kuwa yeye wa kumwambia. Alisema ndiyo, ni ya serikali, ni ya mahakama. Mbodze akaelewa mwanawe alipo. Kisha aliuliza kesi ni siku gani, na alipotajiwa, alimwita Biasha kwa sauti kubwa, akamwambia waliomficha habari wamemkosea, na kwamba Jumatatu atakwenda Kwale hata kwa magoti.

Jumatatu chumba cha mahakama kilijaa watu wa Mkongani. Mbodze aliketi benchi la mbele, mkono wake umeshikwa na Biasha. Mwero alipoletwa na kumwona mama yake pale, alifumba macho.

Barua ya benki ilikuwa imefika. Inspekta, ambaye alikuwa mtu wa haki ingawa alikuwa na haraka, aliisoma mwenyewe bila kupunguza kitu: sarafu zilizopelekwa ni halali, zimetoka serikalini, isipokuwa zimetiwa mikato. Aliomba shitaka la kwanza liondolewe, liwekwe la kuharibu sarafu. Hakimu alikubali, kisha akamwapisha Abdulrahim.

Abdulrahim alieleza alichokisikia sokoni. Alisema kwamba Mkongani, sarafu iliyochapwa si sarafu iliyotengenezwa. Ni sarafu ya serikali iliyotiwa alama, kama mnyama wa ukoo anavyotiwa, na kwamba aliyejibu swali la askari alilijibu kwa maana hiyo. Alisema yeye mwenyewe alikataliwa senti kumi yake kwa sababu haikuwa imechapwa. Hapo watu walicheka, na Biasha alijifunika uso kwa kanga. Abdulrahim alipofika kwenye sababu, aligeuka kumtazama Mbodze, akasema kwamba sababu si neno, na aliambiwa aulize neno tu.

Hakimu alielewa. Alimtazama yule mzee wa benchi la mbele, akaagiza aletwe mezani na apewe kiti. Akamwaga juu ya meza sarafu za ushahidi pamoja na nyingine kutoka mfukoni mwake, akamwomba, kupitia kwa Abdulrahim, azitenge.

Zenye mikato Mbodze alizitenga upesi kuliko karani anavyohesabu. Tano huku, kumi kule, bila kosa. Kwa hizo nyingine mkono wake ulipunguza mwendo. Alichukua shilingi akaiweka kwenye kumi. Alichukua kumi akaiweka peke yake, akaitoa, akairudisha. Mlango wa masjala ulikuwa ukigonga kwa upepo.

Hakimu alichukua shilingi moja na senti kumi moja, akafumba macho yake mwenyewe, akazipapasa chini ya meza. Alipofumbua alisema kwamba yeye ameweza kuzitofautisha, kwa sababu shilingi ina meno ukingoni, na kumi ukingo wake ni laini. Je, mama hayasikii meno hayo?

Abdulrahim alimgeuzia swali. Mbodze alimnyoshea hakimu mikono yake yote miwili, viganja juu, ili azione ncha za vidole. Zilikuwa zinang'aa, ngumu, bila mstari hata mmoja.

"Mwambie hivi vilikwisha kufa motoni," alisema. Kisha akawa kama aliyekumbuka kitu. Aliichukua shilingi, akaiinua taratibu, akaiweka mdomoni, si ndani, bali ukingo wake kwenye mdomo wa chini, akaizungusha. Nyusi zake zilipanda. Akachukua kumi, akafanya vivyo hivyo. Akairudia shilingi.

"Ina meno," alisema. "Kweli ina meno. Inanitekenya."

Alizichukua zilizobaki mezani, moja moja, akizipitisha mdomoni, na kila moja akaitaja kabla ya kuiweka. Hakukosea hata moja. Alipomaliza alizitafuta tena zilizotangulia, akazijaribu upya, kama mtoto aliyepewa kitu kipya cha kuchezea, mpaka Biasha akamgusa bega kumkumbusha kwamba yuko mahakamani. Mwero, kule kizimbani, alikuwa akilia bila sauti, na hakuufunika uso wake.

Hukumu haikuchukua muda mrefu. Hakimu alisema sheria inakataza mtu kuitia sarafu alama ya aina yoyote, hata kwa nia njema, na hata upande wa ngao. Lakini mshitakiwa amekwisha kukaa rumande karibu majuma mawili, na hayo yanatosha kuwa adhabu. Alimwonya asichape sarafu tena. Alipofika hapo alisita, akamgeukia Abdulrahim, akamwambia auchague mwenyewe ugeuzi wa neno hilo, lakini achague lililo sawa.

Abdulrahim alimwambia Mwero kwamba ng'ombe na mbuzi anaweza kuendelea kuwachapa.

Nje, jua la saa sita lilikuwa limesimama juu ya uwanja. Watu wa Mkongani walikuwa wakingoja lori la mahindi lililokubali kuwarudisha. Mwero alikuja kumshukuru Abdulrahim kwa kumshika mkono kwa mikono miwili. Mama yake ndiye aliyekuwa na la kusema. Alitaka kujua lile neno la Kizungu, lililoandikwa na askari, linasemwaje.

Abdulrahim alimtamkia. Mbodze alilirudia mara mbili, akilizungusha kinywani.

"Fupi hivyo? Na mwanangu amelala rumande siku zote hizo." Akafikiri kidogo. "Na la kumchapa ng'ombe?"

Alimtamkia hilo nalo. Akauliza la kumchapa mtoto, akaambiwa. Akauliza la gazeti, akaambiwa. Akauliza kama lipo la kuchapa mguu, na Abdulrahim akakiri kwamba hilo hajawahi kulihitaji.

"Kwa hiyo Mzungu akilisikia neno tu, anajua ni ng'ombe, ni mtoto, au ni pesa," alisema Mbodze.

"Anajua, mama. Mara nyingi."

"Na sisi tunajuaje?"

Abdulrahim alitaka kumpa jibu la kitabuni, akaliona halitoshi. Alisema kwamba labda sisi tunamtazama anayechapa, na kile kinachochapwa.

"Mimi siwezi kutazama, mwanangu," alisema. "Mimi huuliza. Mtu akiniambia nimechapa, nitamuuliza, umechapa nini, na kwa nini. Si kazi kubwa."

Lori lilifika, na watu wakaanza kupanda. Mwero alimwinua mama yake, Biasha akampokea juu, wakamkalisha kwenye magunia. Kabla lori halijaondoka mzee alikuwa amekwisha kumwomba Biasha sarafu zilizomo katika fundo la kanga, na alikuwa akizipitisha mdomoni moja baada ya moja, akiuliza hii je, na hii je, huku abiria wenzake wakizitoa zao wampe azijaribu.

Karani alitoka barazani akamwita Abdulrahim kwa mkono. Kesi ya mpaka wa shamba ilikuwa imekwisha kuitwa, na shahidi wa kwanza, mzee mmoja wa Kikoneni, alikuwa amesimama tayari kula kiapo. Abdulrahim alipangusa vumbi kwenye viatu vyake, akaingia ndani.